Baba wa Miguu
Sehemu ya Tisa: Kila Bidhaa

"Jamani, ni mtu!" alipiga kelele mteja aliyekuwa chini ya draya ya kukaushia nywele, na hapo ndipo ukurasa ulipotuishia, wasomaji, mkaenda kulala na hasira.

Basi jibu ni hili: alikuwa mtu kweli. Tena mtu mzima na masharubu yake.

Msusi alikuwa bado ameshika mkasi aliokatia kamba ya kifurushi. Fulana aliyoitoa mle ndani ilitakiwa iwe na picha ya mguu, mguu mmoja tu, uliochorwa kwa penseli na binti wa muuza mkaa. Mtoto huyo alikatwa mguu wa kushoto juu ya goti baada ya kukanyagwa na lori, na chama kidogo cha Mguu wa Pili kilikuwa kinamtafutia wa bandia. Mchoro wenyewe ulikuwa na vidole sita, lakini ukiutazama ulikuwa unakuingia moyoni.

Sasa mguu haupo. Kifua kizima cha fulana kilikuwa kimejaa uso wa shemeji yake, Mwenyekiti. Meno yote nje. Juu ya kichwa, herufi kubwa kama za duka la magodoro: BABA WA MIGUU.

Jina la chama lilikuwepo, msiseme halikuwepo. Lilikuwa kwenye pindo, dogo kama maelekezo ya kufulia.

Saluni nzima ikavunjika mbavu. Karani wa posta, aliyekuwa amesukwa upande mmoja wa kichwa na mwingine umesimama kama umeona jini, alilazimika kushika kiti.

"Baba wa miguu! Na mama yake ni nani? Soksi?"

Msusi hakucheka. Alichukua simu akampigia Mpiga Chapa, yule bwana wa mitambo ng'ambo ya stendi.

"Umenichapia nini hiki?"

"Kilichopo, dada. Mimi mtu akiingia kwenye lile duka lenu la mtandaoni akaagiza, nachapa, namtumia, faida inakwenda chamani. Asipoagiza, sichapi hata uzi. Picha kaibadilisha Mwenyekiti. Neno la siri si analo yeye?"

"Na mguu wa mtoto?"

"Kaufuta."

Kwa wale waliojiunga nasi leo: Mwenyekiti haitwi hivyo na mama yake. Anaitwa hivyo kwa sababu ni mwenyekiti wa soko, mwenyekiti wa timu ya mpira inayofungwa kila Jumapili, na mwenyekiti wa kamati ya maziko, ambako marehemu ndiye peke yake ambaye hajawahi kugombana naye. Palipo na viti viwili, kimoja chake. Chama cha Mguu wa Pili alikianzisha Msusi katika chumba cha nyuma cha saluni, akakihangaikia, akakipigia magoti. Mwenyekiti alikuja baadaye, aliposikia makofi. Na kwa kuwa ndiye aliyemwoa mdogo wake Msusi, nani angemfungia mlango?

Manukato yalitangulia kuingia. Kisha tumbo. Kisha mwenyewe. Nyuma yake mkewe, mkoba wa mume mkononi, macho sakafuni.

"Shemeji! Umeiona?"

"Nimeiona. Mguu wa mtoto uko wapi?"

"Nani ananunua mguu?" Mwenyekiti alijitazama kwenye kioo cha ukutani, akaridhika. "Watu wananunua sura wanayoiheshimu. Hiki chama kilikuwa kinanuka mafuta ya nywele. Nimekipa sura."

"Umekipa ya kwako."

"Ulitaka ya nani, yako?" Akacheka peke yake. "Na sikuishia kwenye fulana. Nilisema niwekwe kwenye kila bidhaa. Kila bidhaa! Mtu akitaka kikombe, nipo. Akitaka kofia, nipo. Akitaka foronya, analala na mimi."

"Mungu apishe mbali," alinong'ona Karani.

"Jumamosi tunamkabidhi mtoto mguu mbele ya Mgeni Rasmi. Hotuba nitatoa mimi. Wewe shemeji utashughulikia viti."

"Goti halijanunuliwa! Fundi Miguu amemaliza unyayo na muundi, lakini goti ndilo ghali. Usipouza kitu, utamkabidhi mtoto nusu mguu?"

"Sura hii," alisema Mwenyekiti akijipapasa shavu, "itanunua magoti ya wilaya nzima."

Msusi akamgeukia mdogo wake. "Na wewe huna la kusema?"

"Dada, mwache."

"Mwache, mwache! Ndilo neno pekee ulilovuna kwenye hiyo ndoa."

Mdogo mtu alihamisha mkoba kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto, akamfuata mumewe nje. Msusi akamtazama mgongo. Alimpenda, ndiyo. Lakini ni kwa namna mtu anavyompenda kuku aliyevunjika bawa.

Siku ya kwanza haikuagizwa hata leso. Siku ya pili iliuzwa fulana moja, na mnunuzi alikuwa Mwenyekiti.

Kisha, ghafla bin vuu, mambo yakageuka.

Simu ya Mwenyekiti ilikuwa imeunganishwa na lile duka la mtandaoni, kila oda ikiingia inalia ting. Siku hiyo alikuwa sokoni anamfokea muuza vitunguu. Ting. Akanyamaza. Ting. Ting. Kufika adhuhuri simu ilikuwa inalia kama kengele ya mbuzi aliyeingia shamba la watu.

Je, alifungua kutazama watu wanaagiza nini? Hakufungua. Kusoma maelezo, kwa Mwenyekiti, ni kazi ya makatibu. Alitazama jumla, na jumla ilikuwa nono. Alitembea soko zima ameinua simu juu kama mtu anayetafuta mtandao.

"Sikieni! Huyo ni mwananchi mwingine ananitaka nyumbani kwake!"

Ajabu ni kwamba wauzaji walimpigia makofi. Muuza nyama alipiga makofi mpaka akadondosha kisu.

Jioni alifika saluni. Hakukaa hata. Aliegemea mlango tu, akaacha simu iseme.

Ting.

"Shemeji, hebu nikumbushe. Nani ananunua mguu?"

Goti lilinunuliwa kesho yake. Fundi Miguu alilifunga, akaupaka ule mguu rangi, akamwita mtoto aje kupimwa. Na Msusi akabaki na uchungu wa aina ya peke yake: uchungu wa mtu ambaye kitu alichokiombea kimetimia kwa mkono wa mtu ambaye yeye hawezi kumvumilia hata wakati anapumua.

"Kumbe watu wanampenda," alimwambia Karani aliporudi kumaliziwa upande wa pili.

Karani akaikaza midomo. Mabega yakawa yanatikisika.

"Una nini wewe?"

"Sina kitu, dada. Nenda kwa Mpiga Chapa. Kaangalie mwenyewe jinsi anavyopendwa."

Msusi alifunga saluni mchana kweupe, jambo ambalo hakulifanya hata siku alipougua malaria.

Kwa Mpiga Chapa kulikuwa na joto na harufu ya wino unaoungua. Mashine ilikuwa inajifunga na kufunguka kama mdomo wa mtu anayetafuna bila njaa.

"Fulana zimekwenda ngapi?"

"Ukiacha ile yako, ni ile moja yake."

"Vikombe?"

"Bado."

"Kofia? Mifuko? Hizo foronya?"

"Foronya dada, nani ana ujasiri huo?"

"Sasa hiyo mashine tangu juzi inachapa nini?"

Mpiga Chapa alimtazama kwa upole, akashika pembe ya turubai, akalifunua.

Yalikuwa mazulia. Yale ya mlangoni, magumu, ya kufutia matope. Yamepangwa rundo juu ya rundo mpaka dirishani. Na juu ya kila zulia, shavu kwa shavu, masharubu kwa masharubu, meno yote nje, alilala Mwenyekiti.

Sikieni vizuri sasa. Mazulia hayo kiwandani hutoka tayari yana maandishi yake, mchapaji huongeza picha tu. Kwa hiyo ukisoma kutoka juu kushuka chini, zulia lilisema hivi: BABA WA MIGUU. Halafu uso. Halafu: FUTA MIGUU HAPA.

Kicheko kilichomtoka Msusi hakikuwa cha mtu mzima. Alicheka mpaka akakaa juu ya rundo lililo karibu, yaani juu ya shemeji yake.

"Nani... nani wananunua?"

"Uliza nani hanunui. Soko zima. Kila aliyewahi kuhamishiwa meza yake kwenye jua. Refa wa mpira. Mchimba makaburi kachukua mawili, moja la mlangoni, moja la bafuni. Benki imeweka oda, lakini wamesema nisitaje jina."

"Mwenyewe anajua?"

"Hajauliza. Na mimi sina tabia ya kujibu nisichoulizwa."

"Usimwambie," alisema Msusi haraka. "Mpaka mtoto avae mguu wake. Ukimwambia leo, leo atalifunga duka."

Alisema ni kwa ajili ya mtoto, na ilikuwa kweli. Lakini tusidanganyane. Alipotoka pale alikuwa na zulia moja kwapani, amelikunja uso ndani, na alikuwa anatembea kama msichana aliyeandikiwa barua.

Kesho yake saa ya chakula, saluni tupu, alilitandika kwenye kile chumba cha nyuma, ajaribu tu. Alipangusa kiatu cha kulia. Akapangusa cha kushoto. Roho kwatu. Alikuwa anarudia cha kulia pazia lilipofunguka, na aliyesimama pale ni mdogo wake.

Msusi aliruka akaketi juu ya zulia, sketi imetanda. "Karibu mdogo wangu! Nilikuwa... mgongo huu..."

"Usilifiche, dada. Hata mimi ninalo."

"Unalo nini?"

"Langu liko uvunguni, upande wangu wa kitanda. Asubuhi nikiamka nalivuta, nalikanyaga, nalirudisha. Halafu naenda kumpikia chai."

Msusi alikodoa macho. Mdogo wake akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaweka ule mkoba chini. Siku zote sauti yake ilikuwa ndogo, na hata sasa hakuipandisha.

"Wewe unadhani nani aliweka alama kwenye zulia? Yeye hata kompyuta hajui inawashiwa wapi. Aliniambia, weka kila bidhaa, akaenda kuoga. Nikawa naweka tiki. Fulana, tiki. Kikombe, tiki. Nikafika kwenye zulia la mlangoni, mkono ukasita. Ningeliruka asingejua. Nikamsikia bafuni anaimba." Alitabasamu kidogo. "Nikaweka. La kwanza nilinunua mwenyewe, halafu nikalipiga picha nikamtumia muuza nyama. Mengine yalijiendesha."

"Wewe?" Msusi alisema. "Wewe huyu? Mimi nilidhani wewe ni..."

"Mjinga. Malizia tu. Yeye ananidharau kwa sauti, mbele ya wageni, anasema nimeumbwa kubeba mkoba. Wewe ulikuwa unanidharau kwa huruma. Kila nikiingia humu unanitazama kama mtu aliyeletwa kuzikwa. Sijui kati yenu ni nani aliyekuwa ananiuma zaidi."

Msusi alisogea kando kwenye zulia, akapapasa nafasi iliyobaki, na mdogo wake akaja akaketi. Wakakaa hivyo, bega kwa bega, mmoja kwenye sikio la kulia na mwingine kwenye sikio la kushoto.

"Lakini dada, kuna tatizo," mdogo mtu alisema baadaye. "Anataka kumpa Mgeni Rasmi zawadi. Amemwagiza Mpiga Chapa amfungie ile bidhaa inayouzwa kuliko zote. Kubwa kuliko zote. Katika karatasi ya dhahabu."

"Hakuuliza ni bidhaa gani?"

"Unamjua. Ataulizaje kitu ambacho anaona anakijua?"

Jumamosi ikaamka na mvua. Ilipokatika, uwanja wa shule ulikuwa tope la kunata, na watu wakaja hivyo hivyo, wengi kuliko harusi yoyote. Soko lilifungwa. Refa alikuja. Mchimba makaburi alikuja na mkewe. Hakuna aliyekuja kwa ajili ya hotuba.

Hotuba ilikuwepo hata hivyo. Mwenyekiti alieleza alivyozaliwa, alivyosoma kwa taabu, na jinsi watoto wote wasio na miguu walivyokuwa wakimjia ndotoni. Safu ya mbele mama yake mzazi, bibi mkavu mwenye mkongojo, aliyeletwa kwa gari asubuhi kushuhudia fahari ya mwanawe, alisikiliza bila kupepesa macho. Mgeni Rasmi, mama mnene daktari wa mifupa aliyesifika kwa kutosema maneno mengi, alitazama saa yake.

"Na sasa," Mwenyekiti aliunguruma, "zawadi! Bidhaa ambayo wananchi wameipenda kuliko zote, mpaka mashine imeshindwa kupumzika!"

Uwanja mzima ukavuta pumzi. Msusi alishika mkono wa mdogo wake.

Mgeni Rasmi akachana karatasi ya dhahabu. Akalikunjua. Lilikuwa zulia la kutosha mlango wa hospitali. Akalisoma juu, akatazama uso, akasoma chini. Akarudia.

Mwenyekiti, aliyekuwa amesimama upande wa nyuma wa zulia, bado alikuwa anatabasamu. Yeye alikuwa anaona mgongo wa zulia tu.

Ndipo yule daktari akavua miwani, na kilichotokea hakuna aliyekitarajia. Alikuwa na machozi.

"Nimealikwa na viongozi wengi," alisema kwenye kipaza sauti. "Kila mmoja anataka uso wake uwekwe juu ukutani. Sijawahi kuona kiongozi aliyejishusha kiasi hiki. Aliyesema, nikanyageni, ilimradi mtoto apate mguu." Akalibusu lile zulia, wallahi, akaliteremsha akalitandaza mwenyewe chini ya ngazi ya jukwaa. "Mwiteni mtoto."

Sasa Mwenyekiti akaliona.

Ninyi mngefanyaje? Kunyamaza tu kungemtosha. Angeinamisha kichwa, angeondoka pale mtakatifu. Rangi ilimtoka, ikarudi, ikamtoka tena.

Binti wa muuza mkaa alikuwa ameshaanza safari. Alikuja katikati ya watu akitembea, hakubebwa na mtu, hakushika gongo. Goti jipya lilikuwa linatoa mlio mdogo kila likikunja. Watu waliokuja kucheka walijikuta wanampisha njia. Baba yake, muuza mkaa, alikuwa anatembea kando yake mikono imenyooshwa bila kumgusa.

Akafika kwenye ngazi. Viatu vimejaa tope. Mtoto aliyelelewa huyo. Alisoma maandishi mbele ya miguu yake, akatii. Akapanda juu ya zulia akafuta mguu wake wa kuzaliwa, polepole. Kisha, akijishikilia kwenye nguzo, akafuta na ule mpya, unyayo, kisigino, unyayo tena, mpaka masharubu ya Mwenyekiti hayakuonekana.

Uwanja ukalipuka. Kicheko na kilio vikawa kitu kimoja.

"Nani?" Sauti ya Mwenyekiti ilipasua kipaza sauti. "Nani kaniweka chini? Nani kaweka hii? Wewe Mpiga Chapa! Wewe shemeji, mchana nywele wewe, ni wewe! Mimi ni mtu wa kufutiwa tope na kitoto cha mkaa?"

Daktari wa mifupa alivaa miwani yake tena, akamtazama Mwenyekiti kama anayetazama mfupa uliounga vibaya.

Msusi alikuwa ameshavuta pumzi ya kujibu. Lakini mkono aliokuwa ameushika ukamponyoka.

"Ni mimi," alisema mdogo wake.

Hakuwa na kipaza sauti na hakukihitaji. Alitembea mpaka chini ya jukwaa, akauweka mkoba wa mumewe kwenye tope, wima, akajipangusa mikono.

"Ulisema kila bidhaa, mume wangu."

Mwenyekiti aliteremka ngazi mbili kwa mpigo. Mkono wake ulikuwa umeinuliwa. Msusi akakimbia, muuza mkaa akamvuta mwanawe pembeni, watu wa mbele wakapiga yowe.

"Simama hapo hapo!"

Hakuwa Msusi aliyesema. Hakuwa daktari. Yule bibi mkavu wa safu ya mbele alikuwa amesimama, na mwanawe, mwenyekiti wa hili na lile, aliganda mkono ukiwa hewani kama mtoto aliyekutwa kwenye sufuria.

Bibi alianza kutembea. Mkongojo mbele, mguu nyuma, tope linamvuta kandambili. Hakumtazama mkwewe. Hakumtazama mwanawe. Alifika kwenye ukingo wa zulia, akainama kidogo, akausoma ule uso aliouzaa mwenyewe, kuanzia paji mpaka kidevu.

"Mama," Mwenyekiti alinong'ona. "Mama, zunguka. Pita kando."

Bibi akaukita mkongojo wake, akainua mguu.